Tuliijadili Vita Mwalimu Akiaga

Vita ya Kagera ilipoanza, hapa kwetu Amani haikujadiliwa. Tuliijadili miaka saba baadaye, Mwalimu Nyerere alipokuwa anajiandaa kutoka Ikulu. Wanaosimulia mwaka 1985 husema nchi nzima ililia, na ni kweli watu walilia, hata huku kwetu Usambara Mashariki. Lakini kabla ya machozi kulikuwa na ubishi, nami nilikuwapo.

Mwaka 1978 nani angebisha? Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba nchi yote kaskazini ya mto Kagera ni Uganda. Mwalimu alipohutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, tulikuwa tumeizunguka redio moja, watu wa maabara, wa bustani na wa chai, na hakuna aliyekohoa. Chama kilikuwa kimoja na balozi wa nyumba kumi alikuwa mlango wa pili, lakini nitakuwa muongo nikisema hofu ndiyo iliyotunyamazisha. Tulikuwa na hasira. Vijana wa mgambo waliondoka Muheza wakiimba, na waliobaki wakachanga kuku, mahindi na pesa za iliki.

Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na Juni 3 vita ikaishia mpakani mwa Sudan. Kisha Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18.

Miezi 18 iliisha, mikanda haikulegea. Waliozaliwa baadaye wakisikia habari za kukosa sabuni hucheka, kwa hiyo nieleze ilivyokuwa. Mche mmoja wa sabuni ulipofika dukani uligawanywa kwa uzi. Mwenye duka alishika ncha moja kwa meno, nyingine kwa mkono, akauzungusha na kuuvuta mpaka kipande kikakatika bila kumwaga hata unga. Akina mama walisimama wakiutazama ule uzi, kuona umepinda upande wa nani. Maabara, ambako kazi yangu ilikuwa kutia rangi vioo vya damu ili mtaalamu atafute vijidudu vya malaria, vioo tuliviosha na kuvitumia tena hadi vikawa na mikwaruzo, na rangi yenyewe tuliipima kwa matone. Na huku ni Amani, mahali ambapo Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902, na maktaba yake ikajulikana kwa wataalamu wa dunia.

Basi ikafika 1985. Agosti chama kilimteua Mzee Ali Hassan Mwinyi, Oktoba tukapiga kura, na Novemba 5 akaapishwa. Wiki zile zote, jioni ukungu ukishashuka, barazani kwa mwenye duka palijaa. Kitu kilikuwa kimefunguka. Mtu anayeaga unaweza kumpima; anayetawala unamshangilia tu.

Aliyeanza alikuwa karani mstaafu, mzee aliyetumika enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati kituo chetu kilikuwa mali ya nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika 1977 mafao yake yalibaki hewani, kama ya maelfu ya wenzake. Alizungumza taratibu, kiganja juu ya fimbo.

"Ninyi mnahesabu vita kuanzia 1978," alisema. "Mimi naanza 1971. Amin alipompindua Obote, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja. Wakuu watatu wa Jumuiya hawakukutana tena. Mwaka uliofuata watu wa Obote wakatoka kwetu kwenda kumpiga Amin, wakashindwa, Bukoba na Mwanza zikapigwa mabomu. Je, ugomvi ulianzia Kyaka?"

Akanyamaza kidogo, kisha akatia la mwisho: "Na huyo Obote tuliyemrudisha kwa damu yetu, Julai hii amepinduliwa tena na jeshi lake mwenyewe. Tumenunua nini?"

Baraza likaguna. Maneno kama hayo tulikuwa hatujayasikia hadharani. Nilimtazama balozi wetu, naye alikuwa anasikiliza kama sisi, kidevu mkononi.

Aliyejibu ni kijana mmoja wa mgambo, mkulima wa iliki, aliyetembea kwa miguu kutoka Mutukula hadi Masaka na kupita matope ya Lukaya, ambako Walibya walioletwa kumsaidia Amin walikutana na brigedi zetu. Kwa kawaida hakupenda kusimulia. Watoto walimsumbua awaeleze makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba, akawafukuza.

"Shikamoo mzee," alianza. "Ya Obote siyajui, hayo ni ya wakubwa. Lakini tulipomtoa Kagera tungefanya nini? Tungerudi Amani, naye abaki palepale na bunduki zake? Pale Kyaka niliona nyumba zilizochomwa na ng'ombe waliochukuliwa wote. Tungekaa mpakani tukimlinda mtu mmoja mpaka leo. Na Kampala watu walitoka barabarani wakatuita wakombozi. Mimi sikwenda kumrudisha Obote. Nilikwenda kuhakikisha Amin harudi."

Mzee hakukubali, akaleta Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwamba mkutanoni Monrovia Julai 1979 Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa kuvuka mpaka wa jirani. Hapo walimu wawili wa shule wakaingilia kwa pamoja: Umoja huo ulikuwa wapi Kagera ilipotekwa? Na mwaka 1975 si ulimkabidhi Amin uenyekiti wake? Kelele zikawa nyingi, hata mwenye duka akatishia kuzima karabai.

Aliyezikata kelele ni mama mmoja mchuma chai wa Kwamkoro, mzaliwa wa upande wa Songea, ambaye mwanawe wa kwanza hakurudi.

"Mimi simdai Mwalimu vita," alisema. "Vita ilikuwa lazima. Namdai kaburi."

Mwanawe, aliambiwa, amelala Kaboya, huko Muleba, pamoja na wenzake. Lakini Kaboya ni treni hadi Mwanza, kisha meli ya Victoria hadi Bukoba, kisha gari la kuingia bara. Mshahara wa kuchuma chai haukuwahi kufika nauli hiyo. Yule kijana wa mgambo aliinamisha kichwa, na mzee wetu, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, akasema tu, "Pole, mwanangu."

Mimi nilikuwa upande wa kijana, na mpaka leo nipo upande wake. Kumwacha Amin Kampala kungekuwa kuiacha vita irudi mwaka mwingine, ikiwakuta wakulima wale wale wa Kagera. Lakini mzee alisema kweli kuhusu 1972, na sisi tunaompenda Mwalimu tuna tabia ya kuuruka mwaka huo katika masimulizi yetu. Haupunguzi uovu wa Amin hata chembe. Unaeleza tu kwamba majirani wawili walikuwa wamekwisha kuchokozana.

Ninachomlaumu Mwalimu ni ile miezi 18. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, kahawa imeshuka, Jumuiya imekufa, na jeshi letu lilikuwa limekaa Uganda kwa gharama kubwa. Mtu mwenye hesabu hizo mezani hakupaswa kuwapa wananchi tarehe. Angetuambia tu kwamba ni miaka, na hatujui mingapi, tungevumilia vilevile, na huenda walanguzi wa 1983 wasingepata watu waliokwisha kukata tamaa wa kuwauzia sukari chini ya meza. Tulistahimili vita kwa sababu tuliambiwa kweli kuhusu Kagera. Tulistahili kuambiwa kweli kuhusu bili.

Hata hivyo aliondoka mwenyewe. Afrika ya 1985 ilikuwa na Senghor wa Senegal na Ahidjo wa Kamerun tu waliotangulia kufanya hivyo katika kizazi chake, na kuondoka huko ndiko kulikotupa baraza lile, mama mchuma chai akaweza kusema mbele ya balozi kwamba anamdai rais, na asubuhi akaenda shambani kama kawaida, hakuna aliyemwita ofisini.

Mzee, mama na yule kijana wote wametangulia mbele ya haki. Mama hakufika Kaboya. Mwanawe mdogo alifika miaka mingi baadaye. Sasa ninakusanya majina ya vijana wa mgambo waliotoka tarafa yetu, waliorudi na wasiorudi. Ya Zirai na Kisiwani ninayo. Ya Bulwa bado yana mapengo, na mwenye jina la ndugu yake aniletee kabla ya mvua za masika, maana barabara ya Sigi ikishaharibika hatutaonana tena mpaka Juni.