Taa Zilizozimika Mteremkoni

Dereva mmoja alikuwa akiteremka Kijabe usiku, na lori lake kuukuu limejaa viazi, mara taa zote mbili za mbele zikazimika. Gurudumu likaingia shimoni, taa zikawaka tena, naye akajiona yu ukingoni kabisa mwa korongo. Akanunua balbu mpya. Fedha za bure, kwani balbu mbili hazifi pamoja kisha zikafufuka. Fundi aliziunganisha taa na chesisi kwa kipande cha waya, akalitikisa lori. Hazikuzimika. Basi akaifungua bolti iushikayo waya wa kurudishia umeme: chini yake kutu tupu! Akapasugua kwa msasa hata chuma kikang'aa, akaikaza. Usiku ule dereva aliteremka tena, polepole, akiyatafuta mashimo makusudi.