Jani Linalokufa Polepole

Majani ya tumbaku hayaivi kwa pamoja. Asiyelima huliona shamba lote la kijani akadhani kazi ni kukata mche na kuupeleka nyumbani. Sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huanzia chini. Majani mawili matatu yaliyo karibu na udongo hupauka kwanza na kuelekea manjano. Hayo ndiyo huchumwa wiki hiyo. Wiki inayofuata tunapanda kidogo, mpaka tufike juu, ambako ua lilikwisha kukatwa ili nguvu ya mche irudi majanini.

Nilianza kuchuma nikiwa na miaka 9. Utomvu wa tumbaku hunata mikononi ukawa mweusi kama lami, na chakula chote cha siku hiyo huwa kichungu. Majani yakiwa na umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi, na mchumaji hupata kizunguzungu na kutapika ingawa hajawahi kushika sigara. Nyumbani tulisema tu kwamba fulani amelewa tumbaku, tukamlaza kivulini, kazi ikaendelea.

Lakini kazi yenyewe hasa iko katika bani. Letu lilijengwa kwa matofali, refu kuliko nyumba tuliyolala, halina dirisha. Majani hufungwa kwenye fito, na fito hupangwa moja juu ya nyingine mpaka karibu na paa. Nje kuna tanuri. Moto hupita katika mabomba ya bati yanayozunguka sakafuni, joto likabaki ndani na moshi ukatoka nje. Ndiyo maana huitwa tumbaku ya mvuke, si tumbaku ya moshi.

Siku mbili za kwanza moto huwa mdogo. Jani lililochumwa bado li hai: linapumua, linageuza wanga wake kuwa sukari, na ukijani unaondoka. Ukiliharakisha, linakufa likiwa la kijani, na ukijani huo hautoki tena. Ukilichelewesha, linakuwa la kahawia na kuoza. Likishakuwa la manjano, moto huongezwa kidogo kidogo mpaka ukauke hata mshipa wa katikati, ambao ndio mkaidi kuliko wote. Huchukua karibu wiki nzima, na kila usiku lazima mtu awe macho. Kwetu mtu huyo alikuwa Mama. Hakuwa na kipimajoto. Alifungua mlango kidogo, akaingiza mkono, akanusa, kisha akaongeza gogo au akaliondoa. Somo la kemia la sekondari lilinieleza baadaye kile ambacho pua yake ilikuwa inakijua.

Majani yakikauka, huachwa yavute unyevu wa hewa yasije yakavunjika, kisha huchambuliwa kwa rangi na kufungwa marobota. Kwenye kituo cha ununuzi, mpangaji wa madaraja huchomoa majani machache, huyatazama, hutaja daraja, na karani huandika. Baada ya hapo hukatwa deni la mbegu na mbolea. Mwaka mmoja robota ambalo Mama aliliona bora kuliko yote liliandikwa daraja la nne. Aliuliza sababu. Yule bwana alikuwa ameshafika kwenye robota la jirani.

Kilichobaki ndicho kilichonisomesha. Kwa hiyo hapa chuoni, tunapojadili madhara ya tumbaku, mimi hunyamaza zaidi ya wenzangu. Siyapingi madhara. Nimeona pia vilima vilivyokuwa na miti nilipokuwa mdogo, sasa ni nyasi. Tuliichoma miti hiyo mabanini, hata mishea ambayo mbegu zake hutupa mafuta ya kupikia. Najua kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21. Nilipoisoma nilihesabu misimu niliyochuma kabla ya kufika umri huo: ilikuwa kumi na miwili.

Ajabu ni hii. Kuna jani jingine linalokaushwa na kuvutwa, nalo ni bangi. Mkulima akionekana na miche yake uani, polisi huja. Akionekana na miche ya tumbaku, anayekuja ni karani wa kampuni, na mkononi ana mbegu. Tunaoambiwa tuache tumbaku hatuipendi kuliko mazao mengine. Ni kwamba zao hili lina mtu anayelifuata mpaka mlangoni, anakopesha mwanzoni na kununua mwishoni, hata kama bei ni yake peke yake.

Likizo iliyopita Mama aliniuliza kama ajiandikishe tena. Mdogo wangu anaingia kidato cha tano. Nilimweleza habari za kuni, za usiku asiolala, za ngozi na nikotini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yote hayo nayajua, mwanangu. Niambie nani atanunua mahindi yangu kabla shule haijafunguliwa."

Sikuwa na jina la kumtajia. Alijiandikisha kwa nusu ya shamba. Nusu nyingine amepanda muhogo, na mpaka sasa hakuna karani aliyekuja kuuulizia.