Mistari Miwili

Karatasi ya maabara ilikuwa na mistari miwili. Damu ni moja, majibu mawili: hili la Mmarekani mweusi, lile la asiye Mmarekani mweusi. Mimi ni muuguzi wa figo, mzaliwa wa Machakos, mhamiaji Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mstari unaomhusu mgonjwa na kumweleza. Niliuchagua miaka na miaka, wala sikuuliza.

Maabara hupima kreatinini, taka inayotokana na misuli, kisha hukadiria figo zinachuja damu kwa kasi gani. Kanuni ya hesabu hiyo ya mwaka 1999, na iliyofuata ya 2009, zote zilimwongezea mtu mweusi namba. Hii ya pili karibu asilimia 16. Eti weusi tuna misuli mingi. Misuli ya mgonjwa mwenyewe haikupimwa. Hata mimi, kilo 52 pamoja na viatu, ningehesabiwa miongoni mwa wenye misuli.

Asilimia 16 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa huanza kuhesabiwa kasi ikifika 20 au chini yake, au siku mtu anapoanza kusafishwa damu kwa mashine. Mzungu akipata 19, ameingia foleni. Mweusi wa umri uleule, jinsia ileile, kreatinini ileile, alipata 22 akarudi nyumbani.

Mmoja wao simsahau, mzee aliyestaafu udereva wa basi. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Kwa hiyo bado ziko sawa?" akauliza. Nikamwambia hajafika huko. Nilisema nikitabasamu, maana habari njema ni adimu kliniki kwetu. Aliporudi, miguu ilikuwa imevimba hata kamba za viatu hazifungiki. Foleni yake ilianzia kwenye mashine.

Ukitaja upendeleo wanaopata Wazungu, watu humtafuta mbaya wao. Kwetu hakuwapo. Daktari alikuwa mwungwana, fundi wa maabara mwungwana, nami ngozi yangu ni kama ya mzee yule. Ubaguzi ulikuwa umeshapigiwa hesabu kabla hatujaingia zamu. Mgonjwa Mzungu hakuomba apendelewe. Namba yake iliachwa kama ilivyo, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba ya jirani yake kwenye benchi imezidishwa.

Septemba 2021 wataalamu wa figo walipendekeza kanuni isiyouliza rangi. Januari 2023 hospitali za upandikizaji ziliamriwa kupekua faili za weusi waliokuwa kwenye orodha na kuwarudishia muda wao. Kufikia Machi 2024, zaidi ya 14,000 walikuwa wamerudishiwa, kwa wastani wa miaka miwili hivi.

Nami nilipewa rundo langu la faili. Nilitafuta karatasi ya kwanza ambayo namba ingeshuka hadi 20 bila nyongeza, nikaandika tarehe yake. Chini ya nyingi kulikuwa na herufi za jina langu, ushahidi kwamba mgonjwa ameelezwa. Nilifurahi kwa kila mmoja aliyesogea mbele. Lakini agizo liliwahusu walio bado kwenye orodha. Faili ya dereva wangu ilikuwa imeshafungwa.