Joka, Bahasha na Mimi

Najua nimepotea kidogo, mniwie radhi. Kazi zetu hizi mnazijua, ukirudi nyumbani saa nne usiku hata kuandika jina lako ni kazi. Leo sizungumzii siasa. Leo nazungumzia majoka.

Msicheke kwanza. Juzi nilipita Posta kwa wauza vitabu vya mitumba nikakuta Eldest ya Christopher Paolini, kitabu kinachofuata baada ya Eragon. Filamu ya Eragon, ile ya mwaka 2006, niliiona nikiwa shule ya msingi, kwenye banda la video, mtafsiri akiongea kuliko waigizaji wenyewe. Paolini alianza kuandika hadithi hiyo akiwa na miaka 15, nyumbani kwao Montana, Marekani. Familia yake ndiyo iliyokichapa kitabu cha kwanza mwaka 2002. Eldest ilitoka mwaka 2005.

Shujaa ni Eragon, kijana wa shambani mwenye joka la bluu, Saphira. Lakini aliyeninyima usingizi si yeye, ni rafiki yake Murtagh. Watu wanadhani ameshakufa. Mwishoni mwa kitabu anarudi vitani juu ya joka jekundu, Thorn, akimtumikia mfalme dhalimu Galbatorix. Anamuua Hrothgar, mfalme wa watu wafupi wanaoishi chini ya milima. Anamshinda Eragon na kumnyang'anya upanga. Kisha anamwacha aende zake, ingawa alitumwa amkamate.

Nguvu zote hizo kazitoa wapi? Jibu liko kwenye Brisingr ya mwaka 2008. Joka lina moyo mwingine kama jiwe, na likiutoa mwilini, nafsi yake hubaki humo hata mwili ukifa. Galbatorix alikusanya mioyo hiyo kwa wingi, akawa anafyonza nguvu zake. Mingine akampa Murtagh. Na Murtagh hakwenda kwa hiari yake. Katika dunia ile kila mtu ana jina la kweli linaloeleza alivyo hasa, na anayelijua amekushika. Galbatorix alilijua la Murtagh na la joka lake, akawaapisha wote wawili.

Hapo ndipo nilipokifunga kitabu.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa bado nalipwa kwa stori, nilitumwa kwenye mkutano wa kampuni moja na waandishi. Nje ya geti walikuwa wamekaa wafanyakazi ambao hawajalipwa miezi mitatu. Niliongea nao, hasa mama mmoja, nikaandika maneno yake kwenye kijitabu changu. Ndani tukapewa soda, hotuba na bahasha. "Nauli," alisema ofisa uhusiano. Ndani yake elfu hamsini. Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba.

Stori niliyoandika ilikuwa ya mkurugenzi. Wafanyakazi niliwapa sentensi moja, ya mwisho kabisa, nikijua fika kwamba nafasi ikibana ndiyo inayokatwa kwanza. Ikakatwa. Nikajiambia ni mhariri.

Mwezi uliopita yule ofisa alinipigia. Kulikuwa na habari nyingine alitaka "tuiangalie kwa pamoja". Akaniambia, "Mdogo wangu, si tunajuana?" Wadau, sentensi ile ilinitisha kuliko tusi. Kweli alikuwa ananijua. Jina langu kwake lilikuwa Elfu Hamsini.

Kwenye Inheritance ya mwaka 2011, Murtagh anajinasua. Hakuna upanga uliokata kile kiapo. Kumpenda Nasuada kulimbadilisha yeye mwenyewe, na alipobadilika, jina lake la kweli likabadilika, kiapo kikakosa mtu wa kumshika. Lakini Paolini hakumpa msamaha wa bure. Mwaka 2023 alitoa kitabu kizima kiitwacho Murtagh, na humo jamaa bado anaishi kwa kujificha, na joka lake bado linaogopa kuingia sehemu zenye kubana kwa sababu ya yale ya kifungoni. Umeachiwa huru, sawa. Ulichofanya hakijafutika.

Yule ofisa nilimwambia hapana. Msinipigie makofi, sauti ilikuwa inatetemeka na nilikata simu haraka kabla hajataja kiasi.

Jumamosi nilimtafuta yule mama wa getini. Siku hizi anauza vitumbua. Alinikumbuka mara moja. "Wewe si ndiye uliyeandika maneno yangu? Yalitoka gazeti la lini, mwanangu? Nililitafuta sikuliona."

Nilimwambia ukweli, mama, hayakutoka. Na sababu nikamwambia.

Alinyamaza, akageuza vitumbua vyake. Kisha akasema, "Haya, kaa. Kijitabu unacho?"

Nilikuwa nacho.