Safari ya Sisilia



Kila mwaka kitabu chetu hiki hujaa habari za harusi, za waliozaliwa na za waliotutangulia. Mwaka huu niruhusuni nieleze habari ya safari ambayo bado haijafanyika, maana imenishughulisha tangu theluji ya kwanza ilipoanguka, na huenda baadhi yenu mkapenda kufuatana nasi.

Sisi kwa tumbo moja tumebaki watatu. Bi Mkubwa yuko Maskati, kaka yuko Malindi, nami niko hapa Toronto. Mara ya mwisho sote watatu kukaa mkeka mmoja ilikuwa mwaka 2009, katika matanga ya mama. Tangu hapo ni simu tu. Bi Mkubwa sasa ana miaka 78, magoti yanamsumbua, naye husema wazi kwamba hataki tukutanishwe tena na msiba.

Mtauliza, kwa nini Italia na si kwetu? Neno ni la kaka. Nyote mwaijua Malindi na Wataliani wake. Walikuja na kituo chao cha San Marco huko Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Wakaja watalii, wakaja wenye mahoteli, hata vijana wa ufukweni wakawa wanasema Kitaliani upesi kuliko Kiingereza. Kaka alifanya kazi jikoni mwa hoteli miaka 31. Ajua kukanda unga wa pizza, na tambi akizipika huziepua zingali na kiini kigumu, jambo ambalo marehemu mama hakulikubali hadi mwisho wake. Nilipomwuliza atapenda tukutane wapi, alinijibu: "Mwalimu, maisha yangu yote nimewapikia Wataliani kwetu. Nataka nikaone wao wapika nini kwao." Nikaona ni haki yake.

Wajukuu zangu nao hawakuhitaji kubembelezwa. Italia waijua kwa College Street na St. Clair. Mimi nilipohamia mji huu mwaka 1988, watu walikuwa bado wanahadithia tarehe 11 Julai 1982, siku Italia ilipotwaa Kombe la Dunia na barabara ya St. Clair ikafurika watu hata magari yasipite. Baada ya hayo ilibaki kazi ya kuchagua mji na mwezi, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mkwe wangu alitaka Siena, kwenye mashindano ya farasi yanayokimbizwa tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mitaa ya mji ule ni 17, lakini hukimbia 10 tu kwa zamu na kwa kura, farasi hawana matandiko, na mizunguko mitatu ya uwanja huisha kwa kama dakika moja na nusu. Aliyeona mashindano ya punda ya Lamu ataelewa ushabiki wa jambo hili. Lakini anayetaka kuona bila kulipia kiti husimama katikati ya uwanja saa nyingi juani. Nikamwuliza mkwe wangu, Bi Mkubwa tumwegeshe wapi? Akanyamaza. Agosti yenyewe ina tatizo jingine: tarehe 15 ni sikukuu yao kubwa ya kiangazi, na siku zile maduka mengi hufungwa, wenyeji huhamia pwani. Palermo wana sherehe yao ya Julai, na usiku wa tarehe 14 gari kubwa lililopambwa hukokotwa mjini. Joto la Sisilia mwezi huo ni la Maskati, na Bi Mkubwa asema joto analo la kutosha nyumbani.

Hatimaye tumeangukia Septemba, katika mji mdogo wa San Vito Lo Capo, pembe ya magharibi ya Sisilia. Tangu mwaka 1998 hufanywa huko sherehe ya kuskusi, na wapishi wa nchi mbalimbali huja kushindana. Kuskusi ya sehemu zile huliwa na mchuzi wa samaki. Kaka aliposikia samaki, shauri lilikwisha.

Mimi nina sababu yangu ya kupenda Sisilia, nayo ni ya mwalimu. Waislamu waliingia kisiwa kile mwaka 827, wakashuka Mazara, na mji wao wa mwisho haukuchukuliwa na Wanormani hadi 1091. Hata baada ya hapo, Mfalme Roger wa Pili alimweka Palermo mwanachuoni wetu al-Idrisi, akamwandikia kitabu cha jiografia kilichokamilika mwaka 1154. Humo Malindi yatajwa. Na humo humo aeleza kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, ambako watu walitengeneza tambi kwa wingi, wakazipakia merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Yaani Malindi na tambi za Sisilia zilikutana katika kitabu kimoja miaka mia nane na zaidi kabla kaka hajaajiriwa hotelini! Limau lao ni limone, sukari ni zucchero, kahawa ni caffè. Aliyesoma chuoni hatapotea sokoni.

Sasa habari ya halali, maana najua ndilo swali la kwanza la wengi wenu. Samaki hana tatizo. Palermo wauza panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate, na mla bhajia hatauliza mara mbili. Barafu yao ya limau au lozi, granita, haina shaka. Lakini cannoli mziangalie: ganda lake, kwa desturi, hutiwa mvinyo na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Wajukuu wamelia, lakini ndivyo.

Lililobaki ni zito. Sisi wenye pasipoti za Kanada twaingia bila viza kwa siku 90. Bi Mkubwa ahitaji viza, na kaka pia, na maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kaka aliwahi kunyimwa viza ya nchi moja ya Ulaya kwa barua ya mistari minne, kwamba haikuthibitika atarudi kwake. Mtu wa miaka 71, mwenye nyumba, minazi na wajukuu 9! Safari hii tumekusanya hati ya nyumba, karatasi za benki, barua yangu ya mwaliko na barua ya mwajiri wake wa zamani, aliyemwandikia kwa Kitaliani kurasa mbili. Ada ni yuro 90, hairudishwi hata ukikataliwa.

Tikiti za hapa hatujakata, twamngojea kaka. Nyumba tuliyoiulizia ina vyumba vitano na chumba cha chini kisicho na ngazi. Bi Mkubwa hakuuliza habari ya vyumba. Aliuliza kama jiko lina sufuria kubwa, kwa sababu bizari ameanza kuzikausha.