Mgeni wa shokola

Kwetu Ruwenzori, upande wa Mutwanga, kakao si mti wa mababu. Mababu walijua ndizi, maharagwe na viazi. Kahawa ilikuja wakati wa Wabelgiji, na ugonjwa wa kunyausha mikahawa ulipoimaliza katika miaka ya 1990, watu walianza kupanda kakao mahali pake. Ndiyo maana tulisita kuandika juu ya kakao katika kitabu cha mila. Lakini mwezi wa saba 2012 tulipokea mgeni nyumbani, na toka siku zile mambo hayo mawili hatuyatenganishi tena kama zamani.

Alikuwa mama wa Ubelgiji, amepita miaka sitini, fundi wa shokola maisha yake yote. Alikuja kwa kujitolea, bila mshahara, kwa mwezi mmoja, kusudi afundishe chama cha walimaji namna ya kugeuza kakao yao kuwa shokola. Sisi tunafundisha biolojia, tulikuwa na chumba kimoja cha wageni na Kifaransa cha chuo cha ualimu. Basi tukawa mwenyeji na mfasiri.

Siku ya kwanza aliuliza ni nani amekwisha kuonja shokola. Katika watu karibu arobaini, watatu walinyoosha mkono, na sisi tulikuwa mmoja wao. Akafungua sanduku lake: shokola yote ilikuwa imeyeyuka njiani, kwani mafuta ya kakao huyeyuka kwenye digri 34 hivi, na bonde letu lina joto. Watu walilamba makaratasi. Mzee mmoja akatugeukia: «Mwalimu, hii ndjo kakao yetu? Mbona wameifunika na sukari hivi? Iko na ugonjwa gani?»

Kisha mgeni alikata mbegu zetu kavu kwa kisu. Ndani zilikuwa za rangi ya zambarau, ngumu, bila harufu. Alikasirika, akasema neno la Kifaransa ambalo hatukulifasiri. Tulisema tu: «Mama anasema mbegu hazikuchachuka vizuri.» Akaeleza kwamba mbegu mbichi, pamoja na utelezi wake mweupe, lazima zifunikwe siku tano mpaka saba, zipate joto, na kwamba ladha ya shokola inazaliwa pale. Zisipopita pale, hata fundi wa Bruxelles hawezi kuziponya. Na kweli, walimaji wetu walikuwa wanafunika siku mbili, wengine moja, halafu wanaanika kando ya barabara.

Mzee yule yule akasimama: «Mama, munuuzi analipa bei moja kwa kakao ya siku mbili na ya siku sita. Na wezi wanapita usiku. Nikingoja, batoto batakula nini?» Tulifasiri neno kwa neno. Mgeni aliandika kitu katika daftari yake. Hakujibu siku ile, wala siku nyingine.

Juma la pili jirani yetu alifiwa. Mgeni aliomba kwenda matangani. Alikaa chini kwenye mukeka pamoja na wamama usiku kucha, asijue hata wimbo mmoja, na asubuhi akasugua masufuria pamoja nao. Tuseme bila kuficha: mpaka hapo wamama walikuwa wanakuja kwenye mafundisho kwa adabu tu. Hata wazee walikuwa na maneno yao: baba zake walitulazimisha kulima, leo binti yao anatufundisha kupika! Lakini baada ya matanga, mama mmoja anayetengeneza kasikisi alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba yake.

Kule kulikuwa na shimo la ndizi, limefunikwa majani na udongo. Ndizi huivia mle kwa joto lao wenyewe. Baadaye hukamuliwa pamoja na nyasi, maji yake huchanganywa na unga wa mutama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Mama aliingiza mkono shimoni, akanusa, akasema: «Kakao yenu ni kama ndizi tu. Inaomba majani, inaomba joto, na mutu asiifunuefunue.»

Ni yeye aliyeongoza kazi. Alitandika majani ya mugomba, akayatoboa kusudi maji yatoke, akarundika mbegu, akafunika. Mbegu zilipinduliwa siku ya pili na ya nne. Mgeni alichoma kipimajoto chake: digri 47. Mama aliingiza mkono: «Bado. Kesho.» Siku ya sita akasema basi. Mgeni akakata mbegu: ilikuwa ya rangi ya udongo, yenye mifereji ndani. Akakaa juu ya gunia, akacheka peke yake.

Sisi hatukucheka. Kwa miaka sita tulikuwa tumefundisha uchachukaji kwenye ubao: Pasteur, hamira, divai ya Ufaransa. Wanafunzi waliandika, wakapata pointi. Hatukuwahi kuwavusha barabara mpaka kwenye shimo lile.

Shokola yenyewe ilitengenezwa juma la mwisho, mbegu zilipokauka. Zilikaangwa kama karanga, zikapepetwa kwa ungo, zikatwangwa, zikasagwa juu ya jiwe la moto pamoja na sukari. Tuliimwaga saa kumi na moja asubuhi, kukiwa bado baridi, katika makopo ya sardini. Ilikuwa yenye chengachenga. Lakini ilivunjika kwa mlio, na mzee wetu aliomba kipande cha pili: «Hii sasa, naijua.»

Mgeni alirudi kwao, akatuachia kipimajoto. Baadaye kiwanda kidogo cha shokola kilianza Mutwanga, kando ya umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga. Halafu, mwisho wa mwaka 2020, mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 yalifika kwetu pia. Watu waliacha kakao mitini. Wengine waliorudi kuvuna hawakuonekana tena. Mwaka 2024, bei ya dunia ilipopita dola 10 000 kwa tani, tuliona watu wakirudi mashambani na hofu tumboni, kwa kuwa feza ile ilikuwa karo ya shule.

Sisi tulihamia Beni mjini mwaka 2021, na mama wa kasikisi vilevile. Amepanga chumba kimoja, na nyuma yake amechimba shimo dogo. Mwaka jana tuliwapeleka kwake wanafunzi wetu wa mwaka wa tano, na kipimajoto mkononi. Alikitazama, akakiweka juu ya dirisha, akamwita msichana aliyesimama nyuma ya wote.

«Ingiza mukono, mwanangu. Unasikia nini?»

«Joto, mama.»

Akanusa vidole vya yule msichana. «Bado. Kesho.»

Kesho yake tulirudi.