Noti Iliyochanika



Mwaka ule dekania yetu ilipowaita watu watano ili waandae programu ya vijana wa parokia za Kadutu, mimi nilikuwa wa kwanza kukubali na wa kwanza kushika kalamu. Lengo lilikuwa limekwisha kuandikwa katika barua tuliyopewa: kuwajengea vijana stadi za maisha na za uongozi. Nilifurahi. Hapa Bukavu nimehudhuria semina za namna hiyo kwa miaka mingi, maana mji wetu, pamoja na mambo mengine uliyoyakosa, haujawahi kukosa semina. Nikaamini kwamba najua zinavyopangwa. Unatafuta ukumbi, unatafuta mwezeshaji, unachagua mada saba, unahesabu chai na mikate, unachapisha vyeti.

Tuliandika kurasa kumi na nne. Palikuwa na mada ya kujitambua, mada ya mawasiliano, ya kutatua migogoro, ya ujasiriamali; palikuwa hata na jedwali lenye rangi tatu. Hapakuwa na kijana hata mmoja katika chumba tulichoandikia. Hatukuwafukuza. Hatukuwakumbuka tu.

Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi, walifika sitini na wawili. Jumamosi ya pili walikuwa arobaini. Ya tatu, kumi na saba, na kati yao wasichana watatu. Wenzangu wakasema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi jambo lisilo na nauli. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu maneno hayo yaliniruhusu kulala vizuri.

Aliyenisahihisha ni mmoja wa wale wasichana watatu. Tulikuwa tunafunga ukumbi. Akaniambia kwa heshima, macho yakiwa chini: “Yaya, Jumamosi saa mbili ni saa ya maji.”

Anayeishi katika miteremko ya Kadutu hahitaji kuelezwa. Mabomba yanapokauka, msichana huondoka nyumbani kungali giza, na madumu mawili au matatu, akapange foleni mahali ambapo maji yanasikika kuwa yametoka. Akirudi ameupanda mlima mzima. Kisha kuna salongo, maana Jumamosi ndiyo siku yake. Kisha kuna meza ya mama sokoni, ambayo haiwezi kubaki bila mtu. Wale vijana kumi na saba waliobaki nasi walikuwa karibu wote wavulana ambao dada zao walikuwa kwenye foleni. Tulikuwa tumewachota wenye nafasi, tukawaita viongozi.

Wiki iliyofuata tuliweka zile kurasa kumi na nne kando. Tulimwomba kila kijana aandike siku yake, saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala. Nimesoma nyaraka nyingi kuhusu vijana wa Kongo, lakini sijasoma zilizonifundisha kama zile karatasi za daftari. Mmoja aliandika kwamba kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni hukaa mbele ya nyumba “akingojea”. Hakusema anangojea nini. Sita waliandika jambo lilo hilo, kila mtu kwa maneno yake. Tukahamia Jumapili alasiri. Wasichana wakarudi.

Niliporudi nyumbani na kumsimulia mama yangu, alicheka. Yeye alilelewa katika Xaveri, chama ambacho Padre Georges Defour, Mmisionari wa Afrika, alikianzisha papa hapa Bukavu mwaka 1952, kwa jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, na ambacho baadaye kilivuka mipaka hadi Rwanda, Burundi na mbali zaidi. Skafu yake angali nayo. Aliniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne aliachiwa wasichana wanane, chungu kimoja na fedha za sombe na unga, akaambiwa awapeleke kambini na kuwarudisha wote, pamoja na hesabu. Nikamuuliza walimfundisha mada gani ya uongozi. Akafikiri kidogo. “Sufuria iliungua siku ya kwanza,” akasema. “Tulikula hivyo hivyo.” Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, kifungu cha 203, anawataja vijana wenyewe kuwa watendaji wa uchungaji wa vijana. Kifungu hicho nilikuwa nimekinukuu kwenye ukurasa wa pili wa programu yetu. Mama yangu hajakisoma.

Basi tuliwaachia vijana wachague kazi. Walichagua mtaro. Juu ya ngazi zinazoshuka nyuma ya kanisa kuna mtaro uliojaa takataka na udongo. Kila mvua ya Septemba inaporudi, maji huuacha na kupita mlangoni kwa watu, yakila ardhi chini ya nyumba za mbao. Walitaka kuuzibua, kisha kujenga upya mita chache za ukingo kwa mawe na saruji kabla ya mvua. Wakamchagua mratibu, na huyo alikuwa yule msichana wa maji. Wakamchagua mwandishi, na mtunza fedha, kijana wa miaka kumi na tisa asiyesema sana. Wakapita katika kila shirika la parokia wakiomba mchango. Watu walitoa faranga. Wachache walitoa dola. Kila kitu kiliandikwa katika daftari la kurasa mia moja.

Hapa ndipo napaswa kusimulia lisilo zuri.

Jumapili moja, baada ya Misa, muumini mmoja alinisimamisha mlangoni akanipa noti ya dola ishirini kwa ajili ya mtaro. Nilikuwa na haraka. Niliikunja bila kuitazama, nikaitia mfukoni, na jioni nikaitumbukiza ndani ya bahasha ya mtunza fedha iliyokuwa juu ya meza, bila kumwambia wala kuandika. Mnajua sheria ya wabadilisha fedha wetu: noti ya dola ikiwa na mchaniko hata mdogo kama ukucha, hawaigusi. Noti ile ilikuwa na mchaniko pembeni. Ijumaa, vijana walipokwenda kununua saruji, ilikataliwa kwenye meza ya kwanza, ya pili na ya tano. Walirudi na mifuko pungufu.

Wazee wa kamati waliuliza noti ile imetoka wapi. Mtunza fedha akasema aliikuta ndani ya bahasha, akaihesabu, akaiandika. Hakujua zaidi. Mzee mmoja akasema, si kwa ukali, kwamba ni rahisi sana kubadilisha noti nzima kwa noti mbovu na kubaki na tofauti mfukoni. Hakutaja jina. Haikuwa lazima. Ukapendekezwa utaratibu mpya: fedha zirudi mikononi mwa watu wazima, “ili kumlinda kijana”.

Nami nilikuwa nimeketi pale. Niliitambua noti yangu tangu ilipowekwa mezani. Nikanyamaza.

Nilijipa sababu nyingi. Nilijiambia kwamba nitairudisha ile dola ishirini kimyakimya, na jambo litaisha. Nilijiambia kwamba mlezi akidharauliwa, programu yote hudharauliwa. Siku nane nilibaki na sababu hizo. Katika siku hizo mtunza fedha hakuja kwenye kwaya, na dada yake aliniambia kwamba anaumwa kichwa.

Jumapili iliyofuata mwandishi alisoma kumbukumbu za kikao. Msichana huyo husoma kama anavyoandika, bila kupamba. Alipofika kwenye fedha akasoma: “Noti ya dola ishirini, imechanika. Imepokelewa na nani? Swali halijajibiwa.” Akanyanyua uso, akangoja, kalamu mkononi. Hakunishuku mimi, alikuwa anangoja tu jibu ili aendelee na mstari unaofuata. Nikasimama nikasema: imepokelewa na mimi.

Ukumbi ulinyamaza. Mwandishi akaniomba tarehe. Nikamtajia. Akaandika jina langu, tarehe, na neno “mlezi”, kisha akaniuliza kama kuna lingine la kuongeza. Nikageuka kwa mtunza fedha nikamwomba radhi mbele ya wote. Alisema, “Haina neno, Yaya,” nami nilijua kwamba lilikuwa na neno. Pendekezo la kuwanyang’anya vijana fedha halikujadiliwa tena. Mzee aliyelitoa aliliondoa mwenyewe, na nilimheshimu kwa hilo.

Tarehe 2 Februari 2023, kwenye Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, Papa Fransisko aliwafundisha vijana wa nchi yetu kwa vidole vitano vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na utumishi. Alipofika kidole cha tatu alimtaja Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika mpakani. Tangu tarehe 15 Juni 2025 tunamwita Mwenyeheri. Katika programu yetu ya kwanza picha yake ilikuwa kwenye jalada. Nilikuwa nimeichagua mimi. Kabla hajakalia ile meza ya ukaguzi, Floribert alikuwa tayari akiwahudumia watoto wa mitaani wa Goma pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant’Egidio. Sidhani kwamba “hapana” yake ilizaliwa siku ile mpakani. Nadhani ilikuwa imezoezwa katika mambo madogo, ya mkate na ya ahadi, mbele ya watu waliomfahamu. Siku zile nane mimi sikuwa na noti ya mfanyabiashara mbele yangu, wala hakuna aliyenitishia. Nilikuwa na dola ishirini tu na aibu.

Mtaro ulikamilika wiki ya pili ya Septemba, mita chache pungufu ya walivyopanga, kwa sababu ya ile mifuko iliyokosekana. Fedha nilizozirudisha zilichelewa, na mafundi walikuwa wamekwenda. Pale ukingo unapoishia, maji bado hupita mlangoni kwa mama mmoja mjane. Vijana wameiweka sehemu hiyo kuwa kazi ya kwanza ya mwaka huu. Noti nayo imebaki katika daftari, imebanwa kwa pini kwenye ukurasa wake, kwa sababu hakuna anayeitaka.

Programu ya mwaka huu wameiandika wenyewe. Ina kurasa tatu. Kila kazi ina jina la mtu mbele yake, na fedha zinapokelewa na watu wawili, papo hapo, kwa kuandika. Nilitafuta jina langu nikalikuta mahali pamoja: kufungua mlango wa ukumbi kila Jumapili, saa nane na nusu.